Wifi Kunguru na Joho la Malkia

Kunguru hakupewa jina hilo kwa weusi wala kwa makelele, ingawa makelele alikuwa nayo ya kutosha. Walimpa wauza mitumba, kwa sababu kila walipokata kamba za robota jipya, kabla vumbi halijatulia, yeye alikuwa keshatua. Hakutafuta nguo ya kuvaa. Alitafuta kilichong'aa juu ya nguo: vifungo vya shaba, shanga, utepe wa zari, lasi iliyochoka. Angeokota gauni lililoliwa na nondo, linalonuka kabati la marehemu, watu wakaziba pua, naye angelipapasa kifuani kwa vidole viwili huku macho kayaelekeza kwingine, kama daktari anayesikiliza mapigo ya moyo.

"Kunguru kaona kijiko!" wachuuzi walimpigia kelele.

"Nyamazeni nyie. Mnauza almasi kwa mafungu na hamjijui."

Shanga alizitambua kwa mdomo. Aliigusisha shanga kwenye mdomo wa chini: ikiwa baridi ni kioo, ikiwa haina habari ni plastiki. "Plastiki ni kama shemeji mlevi," alizoea kusema. "Inachekacheka na kila mtu, lakini penye moto inakukimbia."

Vyote alivyookota vilikwenda kwa mtu mmoja: wifi yake, mjane wa kaka yake, mwanamke mwembamba, mkimya, ambaye mtaa mzima ulimwita Sindano. Habari hii ni ya huyo Sindano, lakini ukitaka kumweleza yeye huna budi kuanza na Kunguru. Hata mwenyewe akijieleza huanzia hapo.

Kazi ya Sindano ilikuwa kushona marembo ya mavazi ya kale. Mavazi yenyewe yalikatwa na kuungwa na mafundi wa jumba la maigizo, kwa cherehani. Yakishasimama yaliletwa kwake yakiwa matupu, na yeye ndiye aliyeyafanya yawe ya mfalme, au ya jemadari, au ya bibi harusi aliyekufa kabla babu zetu hawajazaliwa. Alishona kwa mkono, uzi kaupaka nta, na kila shanga aliifunga fundo lake peke yake, ili uzi ukikatika katikati ya mchezo idondoke moja na nyingine zibaki. Vifungo vipya alivisugua kwa majivu mpaka vikapoteza ujana. Lasi nyeupe aliilaza kwenye chai iliyopoa ikatoka na rangi ya meno ya mzee.

Vyumba vyao viwili vilikuwa juu ya karakana ya seremala. Vumbi la mbao lilipanda kila msumeno ulipoanza kuunguruma, kwa hiyo madirisha ya chumba cha kazi yalifungwa mchana kutwa na nguo zilifunikwa mashuka. Ukutani, kuanzia sakafuni hadi usawa wa macho, yalipangwa makopo ya maziwa ya unga yenye shanga na vifungo, kila kopo na ukubwa wake.

Kunguru aliingia nyumba ile siku aliyoachika, na binti mdogo mgongoni na sanduku moja mkononi. Alisema atakaa wiki. Kaka yake akafa, binti akakua, akasoma, akawa mwalimu, akaolewa mji mwingine, na ile wiki ilikuwa bado haijaisha. Sindano hakujaliwa mtoto; yule binti wa wifi ndiye aliyemwita mama. Mawifi hawa waligombania chumvi, dirisha, redio, nani kamaliza sabuni, lakini hakuna aliyewahi kuwasikia wakigombania kazi. Mmoja alitafuta, mwingine akashona. Sindano aliogopa msongamano wa watu, na Kunguru hakuwa na subira ya kukaa kitako. "Kaka yangu hakuoa mke," alimtania wifi yake, "alioa sindano. Bahati yake hakuwahi kuikalia."

Mwaka huo mkuu wa mavazi wa jumba la maigizo, mama mnene mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alipanda ngazi mwenyewe badala ya kutuma mtu. Alikumbatia joho la mahameli, jekundu la kukolea kama ini, zito la kuchosha mikono.

"Ni mchezo wa malkia aliyetawala peke yake mpaka ndugu zake wakamtoa," alisema akihema. "Nataka akitokea jukwaani watu wanyamaze wenyewe, bila kuambiwa. Mabegani almaria za dhahabu. Mbele mistari miwili ya shanga, kutoka shingoni mpaka miguuni. Vifungo mikononi. Chini matamvua. Na sitaki ling'ae kama la jana, Mama Sindano. Nataka lionekane limerithiwa."

"Litarithiwa," alidakia Kunguru kutoka mlangoni. "Niachie mimi hilo. Nitampamba huyo malkia mpaka ndugu zake wajute."

Wakacheka wote watatu. Hiyo ilikuwa mara ya mwisho Sindano kumsikia wifi yake akitania akiwa na akili zake zote, na hakulijua hilo.

Shanga za kwanza zililetwa ndani ya kitambaa cha kichwa, zimefungwa fundo. Zilikuwa nzuri kwa macho, za rangi ya asali. Sindano alichukua chache akazishika juu ya mvuke wa birika, kama alivyozoea kabla ya kushona chochote, maana nguo za jukwaani hupigwa pasi ya mvuke. Zikanywea, zikagandana kama pipi mdomoni mwa mtoto.

"Mdomo wako umekufa ganzi, wifi?" aliuliza akicheka.

Kunguru alizitazama muda mrefu. "Wamenibadilishia," akasema. "Nilichukua za kioo. Wamenibadilishia, wezi wale."

Safari iliyofuata fundo la kitambaa lilikuwa kubwa zaidi. Alilimwaga mezani kwa madaha, akajishika kiuno. "Haya! Malkia huyo!"

Vilikuwa vifuniko vya chupa za soda. Sindano aliangua kicheko, akacheka mpaka akajifuta macho, akingoja wifi yake naye acheke. Kunguru hakucheka. Alisimama vilevile, kidevu juu, akisubiri sifa. Sindano akavikusanya vile vifuniko, akavitia ndani ya kopo, akasema, "Asante, wifi. Ni vizuri."

Kisha muuza mitumba mmoja akamleta nyumbani kwa kumshika mkono. "Nimemkuta anazunguka banda langu, mama," alimwambia Sindano kwa sauti ya chini. "Ananiuliza soko liko wapi. Nikamwambia, Kunguru, si ndipo hapa? Akaanza kulia."

Hospitali daktari kijana aliwaeleza kwa upole, akimtazama Kunguru na si Sindano peke yake. Alisema ubongo unasinyaa, dawa ya kuurudisha haipo, ila mtu anaweza kutulizwa. "Mtafutie kazi anayoijua tangu zamani. Mikono ndiyo inayosahau mwisho."

Sindano alilishika neno hilo kama mtu anayezama anavyoshika gogo. Kazi ambayo mikono ya Kunguru iliijua kuliko zote ilikuwa kufumua. Miaka yote hiyo, nguo aliyotoka nayo sokoni aliifumua mwenyewe: kichuma kidogo chenye ncha kilipita chini ya mshono, uzi ukakatika bila kitambaa kujua, shanga zikateleza mkononi mwake, kila moja kwenye kopo la ukubwa wake. Basi Sindano akamtandikia mkeka karibu na dirisha, akampa kichuma chake na gauni chakavu. Kunguru akakaa. Mabega yakashuka. Muda si muda akaanza kuimba vipande vya nyimbo visivyo na mwanzo.

Sasa kutafuta kukawa kwa Sindano. Asikwambie mtu, mwanamke yule aliteseka. Sokoni alisukumwa, akakanyagwa, akauziwa utepe mwekundu ambao alipouloweka ulitoa maji kama damu. Hakuwa na ulimi wa Kunguru. Bei aliyotajiwa aliikubali. Alirudi nyumbani mikono mitupu, ama na vitu vya kutupa, na aliposimulia yaliyompata hapakuwa na wa kumwambia, "Kesho twende wote nikuoneshe."

Lakini penye kuhangaika alipata. Duka la kukodisha magauni ya harusi lilikuwa linafungwa, na stoo kulikuwa na magauni ya zamani yenye shanga za kioo halisi, zilizofifia kidogo kwa jasho la mabibi harusi wengi. Almaria alizipata kwa mzee mmoja mpiga tarumbeta. Bendi yao ilivunjika zamani, na sare zilibaki kwake sandukuni, mabegani zimedariziwa zari nene iliyogeuka rangi ya shaba ya kale. Mzee alizitoa moja moja, kila moja akitaja jina la aliyeivaa. Alipofika kwenye yake mwenyewe aliiweka kando, kisha akabadili mawazo akamkabidhi nayo. "Aivae malkia," akasema. "Mimi pumzi sina tena."

Kunguru ndiye aliyezifumua zote. Sindano aliketi upande wa pili wa chumba, joho limetanda mezani, chini ya mahameli kashikiza kitambaa kigumu cha pamba ili uzito wa shanga usiivute nguo. Mmoja alitoa, mwingine akapachika. Kunguru alikuwa keshasahau jina la mtaa wao na kama chai alikunywa au bado, lakini makopo yake hayakuwahi kuchanganyika. Zilikuwa wiki za utulivu, na Sindano, ambaye hakuwa mtu wa kujidanganya, akajidanganya. Alimwambia yule binti kwenye simu, "Mama yako anaendelea vizuri. Tunafanya kazi."

Mistari miwili ya shanga ilishuka polepole kutoka shingoni. Sindano hakushona moja kwa moja kama reli. Aliziachanisha hapa, akazibana pale, mahali pengine akaacha pengo dogo kana kwamba shanga ilipotea enzi za mama yake malkia. Almaria za bendi zilikaa mabegani kana kwamba hazikuwahi kuwa kwingine. Wakati mwingine alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa makopo ya ukutani, akalitazama, na moyo ukamwambia kwamba kazi hii haitarudiwa. Macho yalikuwa yanachoka. Vidole vilimwamsha kwa maumivu. Hili ndilo lingekuwa la mwisho la ukubwa huo, na lilikuwa bora kuliko yote.

Yalibaki matamvua ya pindoni tu pale mkuu wa mavazi alipopiga simu. Mwigizaji kabadilishiwa viatu, virefu zaidi, kwa hiyo Sindano aende akamtazame anavyotembea, wajue pindo likae wapi. Sindano alimtengenezea Kunguru uji, akamtandikia mkeka, akamwekea gauni la mwisho la harusi mapajani. Joho alilifunika shuka. Mlango akaufunga kwa nje, kwa sababu siku hizo Kunguru alikuwa akitoka na kupotea.

Lile gauni lilikuwa na shanga chache. Hilo alilifikiria baadaye, tena na tena, na linamla mpaka leo.

Aliporudi msumeno wa seremala ulikuwa umenyamaza, na kutoka ngazini alimsikia Kunguru akiimba. Akafurahi. Akafungua mlango. Kunguru aliketi kwenye mwanga wa dirisha, joho jekundu limemfunika miguu na kutambaa mpaka katikati ya chumba. Makopo yalimzunguka, yamejaa.

"Wifi!" alimpokea, uso umemeremeta. "Njoo uone. Leo tumepata mali. Sijui nani katupa joho kama hili. Njoo ushike!"

Sindano alibaki mlangoni, ufunguo mkononi.

"Lakini fundi wake hodari, huyu," Kunguru akaendelea, akipunga mkono kwa uchovu wa furaha. "Kanitoa jasho! Kila shanga kaifunga fundo lake peke yake, umewahi kuona? Kichuma kikanishinda, ikabidi nitumie wembe."

Mahameli yalikuwa yamechanika penye mafundo, vijichanjo vidogo viwili viwili kutoka shingoni mpaka miguuni. Almaria Kunguru alizikata vipande vifupi, kama alivyofanya siku zote, akahifadhi penye uzima na kutupa penye uchakavu. Ule uchakavu ndio Sindano aliokuwa ameuchagua. Palipokuwa na marembo palibaki alama nyeusi zilizolala, maana mahameli yakishalazwa hayainuki, hivyo nakshi yote iliendelea kuonekana, kivuli kitupu.

Mkono wake ulikwenda wenyewe. Alimpiga wifi yake kofi la uso, kofi la nguvu zote, na kopo moja likapinduka, shanga zikatawanyika chini ya meza. Katika maisha yao hawakuwahi kunyanyuliana mkono.

Kunguru alishika shavu. Uso ulimnywea ukawa wa mtoto. "Sijaiba," akasema. "Mama, sijaiba. Nimezitenganisha tu. Tazama, sijachanganya hata moja."

Sindano akapiga magoti kwenye mahameli, akamkumbatia, naye akajaribu kumponyoka kwa hofu. Walilia pale sakafuni, mmoja bila kujua analilia nini.

Mkuu wa mavazi alikuja kulichukua joho mwenyewe. Sindano alitaka kuchukiwa. Angalau hilo lingekuwa na mahali pa kushika. Lakini mama yule alivaa miwani, akalitazama joho, akamtazama Kunguru aliyekuwa akikunja na kukunjua pindo la gauni lake, akavua miwani. "Pole, Mama Sindano. Pole sana. Tutafanya lolote."

Lolote lilifanyika haraka. Mafundi vijana wa jumba la maigizo walibandika puleki za kiwandani, zile zinazouzwa zimeshatungwa kwenye wavu, kwa gundi ya moto. Utepe wa dhahabu wa plastiki ukazunguka mabega. Palipochanika pakafunikwa maua ya kitambaa. Kazi iliyomchukua Sindano kutoka kiangazi mpaka mvua, wao waliianza wakaimaliza kabla gundi haijaisha kwenye mashine.

Sindano alikwenda kuutazama mchezo, onyesho la mchana, akakaa safu ya nyuma. Alimwacha Kunguru kwa mke wa seremala. Malkia akatokea. Ukumbi ukanyamaza wenyewe, bila kuambiwa.

Mwanamke aliyekaa mbele yake alimwinamia mwenzake. "Tazama joho hilo! Hiyo ni kazi ya mkono, hiyo. Siku hizi huipati."

Sindano alisubiri mtu yeyote aguse jirani yake na kusema kwamba kuna kitu hakiko sawa. Alisikiliza kwa masikio yote. Malkia akapita, akageuka, puleki zikameta kama bati la paa jipya, na watu wakashusha pumzi. Wakapiga makofi. Alifikiria mafundo yote aliyofunga tangu ujana, kila shanga na lake. Alifikiria Kunguru na mdomo wake wa chini, vumbini, asubuhi zote zile, akikataa plastiki. Nani aliyewahi kuona tofauti? Labda hapakuwa na tofauti. Labda walikuwa wanawake wawili waliojifungia juu ya karakana, wakidanganyana.

Baada ya mchezo mwigizaji alimkumbatia kwa nia njema kabisa. "Na ni jepesi, mama! Lile la kwanza lingenivunja mabega."

Sindano akashuka ngazi za jumba lile akiwa ameshika ukuta.

Nyumbani alificha kichuma, wembe na mikasi, akalifunga kabati. Alisema ni kwa muda. Kwa siku kadhaa Kunguru alitembea chumba kizima akitafuta alichonyang'anywa bila kujua jina lake, akiinua vikombe, akichungulia chini ya mkeka. Kisha mikono yake ikaanza kujitafutia kazi. Alichambua uzi wa shuka mpaka shuka likawa wavu. Alifumua pindo za nguo alizovaa. Zikikosekana nguo alifumua ngozi ya vidole vyake, pembeni mwa kucha, taratibu na kwa uangalifu wote wa zamani, mpaka damu zikamtoka. Sindano alimfunga bendeji. Akafumua bendeji.

Alijaribu kumrudishia gauni na kichuma. Lakini kila Kunguru alipokaa kwenye mwanga wa dirisha na kuanza kuimba, Sindano alisikia damu ikimpanda kichwani na kofi likimwasha kiganjani, naye akaogopa nafsi yake. Akamnyang'anya tena.

Binti alikuja. Alisimama mlangoni na mkoba wake, akaona bendeji, akaona kabati lenye kufuli, akamwona mwanamke aliyemwita mama tangu utotoni, amekonda, nywele hazijaguswa.

"Mama, umechoka."

"Sijachoka."

"Umechoka. Nimchukue, akae na sisi. Watoto wapo, mume wangu kakubali."

"Huko hakujui. Atapotea."

"Mama," binti alisema polepole, "na hapa je? Anapajua?"

Sindano alikusudia kusema hapana. Alikuwa na maneno yake tayari, kwamba Kunguru aliingia nyumba hii kwa wiki na wiki haijaisha, kwamba hakuna amjuaye kuliko yeye. Alifungua mdomo, na lililotoka lilikuwa, "Mchukue."

Na mzigo ukamtoka kifuani. Aliusikia ukimtoka, wazi kabisa, na hakuwahi kujisamehe kwa wepesi ule.

Asubuhi ya safari alimvalisha Kunguru mwenyewe, akamfunga kitambaa cha kichwa. Kunguru alikuwa mpole, mwenye adabu za mgeni. Mlangoni aligeuka akatazama makopo ya ukutani, meza, mkeka, kisha akampa Sindano mkono.

"Asante, fundi," akasema. "Nguo ikiwa tayari mwambie binti huyu. Nitaifuata wiki ijayo."

"Haya, mama," Sindano akamjibu. "Itakuwa tayari."

Jumba la maigizo lilimletea kazi nyingine, kizibao cha jemadari, kitupu, cha buluu. Kilikaa mezani. Sokoni alikwenda mara moja; muuza mitumba alimuuliza, "Kunguru hajambo?" naye akageuka akarudi nyumbani bila kufungua pochi. Alijaribu kupachika vifungo vilivyokuwepo, sindano ikaingia na kutoka, na kila fundo alilofunga aliona wembe ukilifuata. Akakirudisha kizibao kama kilivyokuja. Sasa anapiga pindo za mapazia, kwa cherehani, katika duka la mapazia lisilo mbali na pale. Pindo ni pindo. Mwenye duka anamsifu kwamba hazipindi.

Zilipofika likizo za shule alipanda basi kwenda kumwona. Aliogopa kwenda na aliogopa kutokwenda. Binti alimpokea kituoni, na njiani alimweleza mambo kwa tahadhari: kwamba bibi siku hizi hasemi, kwamba anakula akilishwa, kwamba asishtuke.

Kunguru aliketi barazani kwenye kiti cha plastiki, amevaa sweta la mtu mwingine. Mikononi alikuwa amevalishwa soksi, nene, za mpira wa miguu, zimefungwa vifundoni kwa kamba laini.

"Ni kwa sababu ya vidole," binti alisema haraka. "Viliingia usaha. Hatukuwa na njia nyingine, mama."

"Najua," Sindano akasema. "Nivulie kidogo. Mimi nitamshika."

Binti akafungua kamba. Vidole vilikuwa vimepona vibaya, kucha nyingine hazipo. Mara tu vilipopata hewa vilianza kutafutana. Sindano alivuta kigoda, akaifunika mikono ile kwa mikono yake, akaishika. Ndani ya viganja vyake ilisukuma, ikapekua, ikatafuta penye uzi. Alimsimulia wifi yake habari za mtaa: seremala kanunua msumeno mpya, mkubwa kama ng'ombe, mke wake kajifungua, mvua imevujisha dari upande wa dirisha. Kunguru alitazama barabarani. Watoto wa binti walipita wakikimbizana, wakamwamkia, wakapita tena. Jua likahama kutoka kwenye magoti yao likaenda ukutani, na mikono ile haikupumzika hata kidogo.

Binti akatoka ndani na mkoba wa Sindano. "Mama, basi lako."

"Ndiyo."

Alibaki ameshika kwa muda. Kisha akanyoosha mkono mmoja akaziokota soksi chini ya kiti. Akamvalisha wa kulia, akavuta mpaka juu ya kifundo, akafunga kamba, akajaribu kwa kidole kama haikubana. Akamvalisha wa kushoto.